Sindano Niliyoidharau

Juma hili nina deni la kulipa. Nimeona nililipe papa hapa mbele ya wasomaji, kwa kuwa neno lililonitia katika deni hilo nililisema mbele ya watu.

Mwaka jana, katika darsa la akina mama baada ya swala ya Alasiri, nilikuwa nikifasiri mwanzo wa Suratul Muuminun, mahali wanaposifiwa waumini kwa kujiepusha na laghwi, yaani mambo ya upuuzi yasiyo na faida ya dini wala ya dunia. Mwalimu akishaeleza maana hutafuta mfano. Mfano ulionijia mdomoni ni wa mwanamke akaaye kutwa akiunga vipande vya nguo kuukuu, hashoni cha kuvaa wala cha kuuza. Nikasema kazi hiyo ni kupoteza wakati, na wakati ni amana. Kisha nikaongeza, kwani ulimi ukishateleza haujui kusimama, kwamba mwenye kuzikumbatia nguo za maiti anajifungulia mlango wa huzuni ambao sheria imeufunga. Akina mama wakaitikia, nami nikaenda zangu msikitini nikiwa nimeridhika.

Sikumtaja mtu. Lakini nyuma ya pazia alikuwamo dada yangu mkubwa. Mumewe alifariki miaka miwili iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu, na katika ile miezi minne na siku kumi ya eda dada yangu alianza kuunga vipande vya kanzu na vikoi vya marehemu kufanya mfarishi. Naapa sikumkusudia. Lakini nikijihoji kwa insafu, mfano ule niliutoa wapi, kama si katika chumba chake?

Mwezi wa Rajab binti yake alinijia akaniambia, "Mjomba, mama hashoni tena tangu siku ile ya darsa. Sanduku amelitia uvunguni. Sasa akishaswali Isha hukaa tu akitazama ukuta."

Nilitaka kwenda usiku ule ule kumwomba radhi. Kisha nikajua atakavyonijibu: "Yamekwisha, ndugu yangu," na sanduku lingebaki uvunguni. Tena nikajiuliza, ningemwomba radhi kwa lipi hasa? Nusu ya niliyoyasema nilikuwa bado nayaamini. Kadhi hahukumu kabla hajasikiliza pande zote mbili, nami nilikuwa nimeihukumu kazi ambayo sijapata hata kuigusa. Nikaazimia kuigusa kwanza.

Fundi jirani yangu, ambaye cherehani yake iko barazani, alinipa mfuko mzima wa mabaki ya vitambaa bila kuuliza. Nadhani alidhani ni vya kufutia mbao za madrasa. Mke wangu akanipa sindano, uzi na subana, akajizuia kucheka mpaka alipofika jikoni. Kazi yangu ikawa baina ya Isha na kulala, na ilichukua majuma matatu.

Ndugu msomaji, uniruhusu nieleze makosa yangu, maana huenda yakakufaa ikiwa nawe wataka kujaribu. Kosa la kwanza, sikuvifua vitambaa kabla ya kukata. Pamba mpya hunywea ikiingia majini, na rangi nyekundu hutoka ikahamia kwa jirani yake. Kipande kimoja chekundu cha leso kiliwatia haya ya waridi wenzake weupe wote, nami ikanibidi nianze upya. Kosa la pili, nilikuwa nikitunga uzi mrefu ili nisitunge mara nyingi, na kila mara ulijifunga fundo. Mke wangu akanifundisha kwamba uzi usizidi dhiraa moja, tangu ncha ya kidole hadi kiwiko. Kosa la tatu, baadhi ya vipande nilivikata mshazari, si kwa kufuata nyuzi za kitambaa, na kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika mkononi kama unga wa chapati.

La nne ndilo lililonifedhehesha. Nilikata miraba ya inchi 5 kila upande, nikaipanga minane kwa minane, jumla 64. Nane mara tano ni arubaini, basi nikawatangazia watu wa nyumbani kwamba mjukuu atapata mfarishi wa inchi 40. Nilipomaliza kuunga, futi ilisoma inchi 36 na nusu. Nikapima mara ya pili, nikapima na upande wa pili, nikashuku futi. Mke wangu akageuza kitambaa upande wa ndani, akanionyesha. Kila mshono hula robo inchi kwa kipande cha kulia na robo kwa cha kushoto, na palipo na vipande vinane pana mishono saba. Saba kwa nusu inchi ni tatu na nusu. Mimi nifundishaye mirathi, nigawanyaye thumuni na sudusi bila ya kushika kalamu, nilikuwa nimesahau robo!

Kuunga vipande huko ni mwanzo tu. Mfarishi ni tabaka tatu: uso wa vipande juu, kijazo katikati, na bitana chini. Tabaka hizo huanza kupigwa bandi, yaani kushikizwa kwa mishono mirefu ya muda, kisha hushonwa upya kwa mishono midogo ipenyayo zote tatu, mstari baada ya mstari. Mishono hiyo si pambo tu. Bila yake kijazo hukusanyika pembeni kikawa madonge pindi mfarishi ufuliwapo. Wengine huniuliza kuhusu sufi. Sufi ni ya mito na magodoro, haipendi maji. Mimi nilitia blanketi jembamba lililochakaa, nalo limetosha kabisa kwa joto letu la pwani.

Hayo ni ya mkono. Lililonishughulisha zaidi ni la kufumua. Katika Suratun Nahli, aya ya 92, Mwenyezi Mungu anatupigia mfano wa mwanamke aliyeukata vipande vipande uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara, akiwaonya wavunjao viapo. Aya hiyo nimeisomesha kwa miaka mingi, nikiipitia haraka kwa sababu nilidhani maana yake ni nyepesi. Usiku nilipofumua mistari mitatu ya kazi ya siku nne, vidole vikiwa vimetobolewa, ndipo nilipohisi ukubwa wa hasara anayotajwa kwayo mwanamke yule. Mfano ule huelewi uzito wake ila umeshika uzi. Na ajabu, wasikilizaji wangu nyuma ya pazia walikuwa wakiushika kila siku. Mimi mwenye kuwafasiria ndiye niliyekuwa sijaushika.

Nikarudi basi vitabuni kwa jicho jingine. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa nyumbani alikuwa akishona nguo yake mwenyewe na akitengeneza viatu vyake. Anas (r.a.) amesimulia kwamba alimwona Sayyidna Umar, naye wakati huo ni Khalifa, nguo yake ina viraka vitatu mabegani, kimoja juu ya kingine. Na Bibi Zainab binti Jahsh (r.a.), aliyekuwa wa kwanza kufariki miongoni mwa wakeze Mtume baada yake, alikuwa mwanamke wa kazi za mikono: akidibaghi ngozi na kuzishona, na akipatacho akikitoa sadaka. Ndiye aliyekusudiwa Mtume alipowaambia wakeze kwamba atakayemfuata upesi ni yule mwenye mkono mrefu. Wao walipimana mikono kwa urefu wa mwili, mpaka Bibi Zainab alipotangulia ndipo walipofahamu kwamba urefu uliokusudiwa ni wa kutoa. Mkono ule ulikuwa mkono wa kushona. Yote haya nilikuwa nayajua, na siku ya darsa hakuna hata moja lililonijia.

Najua wako watakaosema, hao walishona kwa haja au kwa sadaka. Vipi kuhusu ashonaye kwa kupenda tu? Nami nilisema hivyo. Lakini tazama leso uliyojifunga. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wafanyabiashara walileta pwani yetu vitambaa vidogo vya mraba vilivyotiwa nakshi, vya kufutia uso au kufungia kichwa, vikiwa vimeungana katika jora moja. Na neno lenyewe leso limetokana na Kireno. Akina mama hawakuvikata kimoja kimoja kama ilivyotarajiwa. Walinunua sita kwa pamoja, wakavigawa mistari miwili ya vitatu vitatu, wakaishona mistari hiyo ubavu kwa ubavu, wakapata nguo pana moja. Hakuna aliyewaamuru, na nguo za kuvaa walikuwa nazo. Waliona nakshi hizo zikipangwa pamoja zinapendeza, basi. Wenye maduka walipoona wanawake wanapenda, wakaagiza zilizochapwa nzima, na hapo ikazaliwa leso yenye pindo na mji, na baadaye jina. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo leso zake hubeba maneno "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887, na leo mtaa mzima wa Biashara unaishi kwa nguo hiyo. Ilianza kwa vipande vilivyoungwa na wanawake ambao, laiti ningekuwapo, ningewaambia wanapoteza wakati.

Binti yangu, aliponiona nimekata tamaa na vipimo, alinionyesha katika simu yake picha za mifarishi iitwayo kawandi. Hushonwa na wanawake wa Kisidi katika jimbo la Karnataka, India. Wasidi asili yao ni Afrika, wengi wao Afrika ya Mashariki. Wazee wao walichukuliwa wakavushwa bahari, wengine wakiwa watumwa wa Wareno huko Goa, na baadhi yao wakatorokea misituni wakakaa huko. Leo wamo Waislamu miongoni mwao, na Wahindu, na Wakristo. Wanawake wao hawapimi kwa futi. Huchukua nguo kuukuu za nyumbani, wakaanza kwenye pembe moja ya kitambaa cha chini, wakashona kuzunguka ukingo huku wakipachika kipande baada ya kipande, mzunguko ndani ya mzunguko, mpaka wanakutana na katikati. Na kwenye pembe zote nne hutia vipande vidogo vilivyokunjwa, waviitavyo phula, yaani maua. Mfarishi usio na maua hayo kwao huhesabiwa kuwa uko uchi. Nilizitazama picha zile muda mrefu. Watu waliochukuliwa kutoka upande huu wa bahari, na baada ya karne kadhaa mabibi zao wangali wanakusanya matambara ya wapendwa wao na kuyaunga.

Nikaamua mfarishi wa pili uwe wa namna hiyo. Nikahitaji nguo kuukuu, si mabaki ya fundi. Nikafungua kabati.

Hapa ndipo pagumu kwangu kuandika. Katika kabati langu imetundikwa kanzu ya marehemu baba yetu. Ilinifikia kwa ridhaa ya warithi wote, na nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wengi hughafilika: nguo za maiti ni sehemu ya urithi kama zilivyo nyumba na mnazi, wala si halali mmoja kuzichukua au kuzikata bila ya idhini ya wenzake. Kanzu ile sikuivaa hata mara moja, kwani baba alikuwa mrefu kuliko mimi. Sikuitoa sadaka vilevile. Imetundikwa miaka kumi na mmoja, na kila Idi naitoa, naianika, nairudisha. Basi nani aliyekuwa akizikumbatia nguo za maiti? Dada yangu alikuwa amezikata za mumewe na kuzigeuza kitu cha kufunikia wajukuu. Mimi niliyemsema nilikuwa nimetundika yangu.

Niliukaa mkasi mkononi usiku mzima bila ya kukata. Usiku wa pili nikasema Bismillahi.

Sasa kwa akina dada wanaoniandikia kuuliza hukumu. Kushona kwa kujiliwaza asili yake ni mubaha, na nia njema huweza kuifanya ibada. Mipaka yake ni ile ya kila mubaha: isikupitishe wakati wa swala, isile haki ya mume na watoto, wala isikuingize katika israfu. Juu ya israfu nitasema kidogo, maana nimesikia wako wanunuao vitambaa vipya kabatini tele kwa ajili ya kuvikatakata, kisha wakanunua vingine kabla vya kwanza havijakatwa. Kazi hii asili yake ni kuokoa kilichochakaa. Mwenye leso ishirini zilizopauka ana bidhaa ya miaka miwili. Na ukikata leso, soma jina lake kwanza. Ikiwa limo jina la Mwenyezi Mungu, kipande hicho usikitie katika kitu cha kukalia wala cha kulalia, kiweke mahali pa heshima. Mimi mwenyewe nilikuta vipande viwili vya namna hiyo katika mfuko wa fundi.

Jambo jingine, na hili nawaambia wanaume wenzangu. Mwanamke akitengeneza kitu kizuri, swali letu la kwanza ni, "Utauza kiasi gani?" Nililiuliza mimi pia, kwa dada yangu, zamani kabla ya darsa, nikidhani namsifu. Kuna kazi za mikono zilizo riziki, na wazishonazo kofia kwa miezi kadhaa wastahili kulipwa vyema kuliko wanavyolipwa. Lakini kuna na kazi ambayo faida yake ni kwamba usiku umepita na aliyeifanya hakutazama ukuta. Nilipokuwa nikishona mkono ulishughulika na ulimi ukabaki huru, na katika majuma yale nilileta istighfari nyingi kuliko niliyozoea kuleta nikiwa nimekaa bure.

Basi neno langu la darsani naliondoa. Nimekwisha kuliondoa mbele ya akina mama wale wale, na sasa naliondoa kwa maandishi.

Ama dada yangu, nilimwendea katikati ya Shaaban, baada ya Alasiri, na kawandi yangu ndani ya mfuko wa plastiki. Haikuwa imekamilika. Nilizunguka vizuri kwenye kingo, lakini kila nilivyokaribia katikati kitambaa kilizidi kuumuka, hata pakawa na kilima ambacho sikujua nikifanye nini. Nilimwamkia, nikaketi chini, nikaiweka miguuni pake. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu nyumbani, yote yalinitoka.

Aliitandaza sakafuni, akakibonyeza kile kilima kwa kiganja, akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mazishi.

"Umevuta uzi mno," akasema. "Nani alikufundisha kuvuta hivi?"

Kisha vidole vyake vikapita juu ya vipande, kimoja kimoja, mpaka vikafika kwenye kipande cheupe chenye darizi ya shingo. Vikasimama hapo. Hakuniangalia.

"Hii ni ya baba."

"Ni yake."

Akanyamaza kitambo. "Umeikata mshazari," akasema mwisho. "Itavutika. Hapa ni kufumua mpaka hapa, tuanze tena."

Akamwita bintiye alete sanduku lililo uvunguni, na miwani. Akanipa mkasi mdogo na upande wangu wa kufumua, na adhana ya Magharibi ilitukuta hatujafika nusu.